Windo la Aligeta na Chungu cha Louisiana

Kwetu sisi tuliokulia kando ya mito, mamba ni jina la hofu. Mchota maji humwogopa, mvuvi humkwepa, na wengi wetu hatumhesabu kuwa kitoweo. Lakini huko Louisiana, jimbo la kusini mwa Marekani, yuko jamaa yake aitwaye aligeta, mwenye pua pana, ambaye akifumba kinywa meno ya taya lake la chini hayaonekani. Kwa wenyeji wa huko yeye ni windo, ni ngozi, tena ni kitoweo.

Windo hili ni la kale. Mwaka 1564 mchoraji Mfaransa, Jacques Le Moyne, alifika Florida. Na mwaka 1591 Theodor de Bry akachapisha picha zilizohusishwa na kazi yake. Mojawapo yawaonyesha Watimucua, wenyeji wa nchi ile, wakimsukumia mnyama huyu gogo refu kooni, wakimpindua chali, kisha wakimmaliza kwa mishale na marungu. Nyingine yaonyesha nyama ikikaushwa kwa moshi juu ya uchaga. Bunduki hawakuwa nayo. Ushirikiano walikuwa nao.

Karne ya 19 ikaleta biashara ya viatu na mikoba ya ngozi. Mwindaji aliyelipwa kwa ngozi tu aliweza kuuacha mzoga uoze. Aligeta wakapungua mno, hata mwaka 1962 Louisiana ikapiga marufuku kuwawinda, na mwaka 1967 serikali ya Marekani ikawaorodhesha miongoni mwa wanyama walio hatarini kutoweka.

Windo lilifunguliwa tena mwaka 1972 katika wilaya ya Cameron peke yake, na mwaka 1981 katika jimbo zima. Mwindaji hupewa lebo za kuhesabika, na kila ngozi sharti iwe na lebo yake. Idadi ya lebo hutegemea ukubwa na hali ya kinamasi. Kwa hiyo mwenye kinamasi huona faida ya kukitunza. Windo hufanyika hasa mwezi Septemba, wakati majike wengi wamejitenga ndani ya vinamasi karibu na viota vyao. Ndoana yenye chambo huning'inizwa juu ya maji kwa ufito. Asubuhi mwindaji huvuta kamba na kumpiga risasi aliyenasa. Mwaka 1987 ilitangazwa kwamba aligeta wamesalimika.

Sasa tuingie jikoni. Nyama ya mkia ni nyeupe. Mpishi huondoa mafuta yote, maana harufu yake huharibu ladha, kisha huikata vipande vidogo na kuikaanga, ama huipika katika mchuzi mkali wa nyanya, vitunguu na pilipili, ukaliwa kwa wali. Katika mapishi hayo imo mikono ya wenyeji, ya Wafaransa, na ya Waafrika waliopelekwa utumwani. Hata neno gumbo, mchuzi mashuhuri wa huko, wanaisimu wengi hulihusisha na jina la bamia katika lugha za Kibantu za Angola.

Wahenga walinena: akiba haiozi. Chungu hakikukaribia kumwangamiza aligeta. Iliyokaribia ni tamaa isiyo kipimo. Nasi tunapowafundisha vijana kuthamini mila za uwindaji na uvuvi, tuwafundishe pia kuhesabu kinachobaki mtoni.