Bayi, Filbert

Filbert Bayi (alizaliwa Juni 1953, Karatu, mkoani Arusha) ni mwanariadha wa Tanzania aliyegeuka kiongozi wa michezo. Mbio zake hazikuwa na ujanja wa kujificha: bastola ikilia, anatoka mbele, na wengine wamfukuze.

Mwaka 1973 jijini Lagos, kwenye Michezo ya Afrika, alimshinda Mkenya Kipchoge Keino, na huyo hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi. Mbio kubwa zaidi zilikuja 2 Februari 1974, Christchurch, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Bayi aliongoza mita 1,500 tangu mwanzo. Mwishoni John Walker wa New Zealand, akiwa mbele ya watu wake, alimkaribia sana lakini hakumfikia: dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Walker naye, aliyekuwa wa pili, aliivunja rekodi ya zamani.

Mei 1975 jijini Kingston akaweka rekodi ya maili, 3:51.0. Miezi mitatu baadaye Walker akaivunja.

Pambano lao kwenye Olimpiki ya Montreal 1976 halikufanyika, kwani Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia. Moscow 1980 Bayi alipata fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, akipitwa na Mpolandi Bronisław Malinowski kwenye mzunguko wa mwisho.

Baadaye alikuwa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania kwa miaka mingi, na akaanzisha shule zenye jina lake.