Kozi ya mitandao ya kompyuta kwa vitendo: utakachofanya maabara na maswali ya kuuliza kabla ya kujiunga

Intaneti inapokatika kwenye kituo cha jamii, chanzo kinaweza kuwa waya uliokatika kwa ndani, anwani mbili zinazofanana au ruta iliyozimika. Aliyesoma kwenye karatasi tu atajua majina ya vifaa hivyo. Aliyefanya kazi maabara atajua aanzie wapi. Makala haya yanaeleza kinachofundishwa katika maabara ya mitandao chuoni.

Unafanya nini maabara?

Kazi ya kwanza huwa kutengeneza kebo. Unafungua waya wenye nyuzi nane, unazipanga, unaziingiza kwenye kichwa cha RJ45, kisha unabana kwa koleo maalumu. Mpangilio unaotumika sana unaitwa T568B: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kebo ya aina hii isizidi mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa.

Baada ya hapo unaunganisha kompyuta kadhaa kwa swichi na kuzipa anwani za IP. Mtandao wa 192.168.1.0 wenye kinyago cha 255.255.255.0 una nafasi za vifaa 254. Kompyuta yenye anwani ya 192.168.1.10 haiwezi kuzungumza na ile ya 192.168.2.10 bila ruta katikati, na ndiyo maana somo linalofuata ni kupanga ruta. Baadaye utatumia programu ya Wireshark kutazama pakiti zinavyopita.

Namna ya kutafuta hitilafu

Mwalimu mzuri huharibu kitu makusudi na kukuachia ukitafute. Hatua hizi zinafaa hata nje ya chuo. Tumia amri ya ping kwa mpangilio huu:

1. 127.0.0.1. Hii ni kompyuta yako yenyewe. Isipojibu, tatizo liko ndani yake.
2. Anwani ya ruta yako, mara nyingi 192.168.1.1. Isipojibu, kagua kebo, swichi au Wi-Fi.
3. 8.8.8.8, seva ya Google iliyo nje. Isipojibu wakati ruta inajibu, tatizo huenda liko kwa anayewauzia intaneti.
4. Jina la tovuti. Namba zikijibu na jina lisijibu, kagua mpangilio wa DNS.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, na uandike ulichobadilisha. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja, hutajua kipi kilitengeneza na kipi kiliharibu.

Nikiwa sina vifaa?

Programu ya Packet Tracer inaiga swichi, ruta na kebo kwenye skrini. Hupatikana bure kwa wanaojisajili na Cisco Networking Academy, mpango ulioanza mwaka 1997. Inafaa sana kwa mazoezi, lakini haikufundishi kubana kebo wala kugundua plagi iliyolegea.

Uliza haya kabla ya kulipa

- Ni saa ngapi kwa wiki ziko maabara?
- Wanafunzi wangapi wanatumia seti moja ya vifaa? Wawili au watatu ni sawa. Wakiwa kumi, wengi watabaki kutazama.
- Je, kuna mtihani wa vitendo?
- Ada inajumuisha mtihani wa CCNA? Mara nyingi mtihani huo hulipiwa peke yake.
- Je, chuo kinapokea kitambulisho cha mkimbizi na vyeti vya nchi ulikotoka?

Omba kuiona maabara kwa macho yako. Chuo chenye vifaa hakitaona tabu kukuonyesha.

Kwa shahada, wakimbizi wanaweza kuomba ufadhili wa DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 na UNHCR pamoja na serikali ya Ujerumani. Nafasi hutangazwa kwa kila nchi kwa wakati wake. Kuomba ni bure, kwa hiyo anayekudai pesa ili akuombee nafasi anakutapeli.

Tahadhari

Tazama pakiti za mtandao wa maabara au wako tu. Kuchungulia mawasiliano ya wengine bila idhini ni kosa la jinai. Uganda ina sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya mwaka 2011, na Kenya ya mwaka 2018. Kwa mkimbizi, kesi kama hiyo inaweza kumgharimu zaidi ya kozi yenyewe.