Namba ipi itangulie? Ugomvi uliohamishia Mombasa Hispania

Robo karne imetimia tangu kompyuta zikubaliane namna ya kuombana ramani. Mwaka 2000, Open GIS Consortium, chombo kilichoundwa mwaka 1994 na ambacho siku hizi kinaitwa Open Geospatial Consortium, kilitoa toleo la kwanza la Web Map Service, au WMS kama wanavyoiita wahusika. Wazo lake ni jepesi. Mtu wa ofisi ya mazingira anahitaji ramani ya mito iliyo kwenye seva ya ofisi ya maji. Haendi na flashi wala haandiki barua. Programu yake inatuma ombi linalotaja tabaka la ramani, mipaka ya eneo na ukubwa wa picha, na seva inarudisha picha. Haijalishi nani kanunua programu kwa nani, mradi wote wanafuata kiwango kimoja. Habari za namna hii kwa kawaida husimuliwa kama ushindi wa mitambo. Naona tofauti. Ramani ya watu wengi ni mapatano kabla haijawa picha, na mapatano yakiandikwa kwa mkato kosa huingia bila kubisha hodi.

Mwanzo wa habari hii ya ramani za kompyuta uko karibu na kwetu kuliko inavyodhaniwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Roger Tomlinson, mwanajiografia aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Spartan Air Services huko Ottawa, Kanada, alikabidhiwa swali la Kenya: miti ya kiwanda cha karatasi ipandwe wapi? Njia iliyojulikana ilikuwa kuzipandanisha kwa mkono ramani za mvua, udongo, miinuko na barabara, moja juu ya nyingine, hadi mahali panapofaa pajitokeze. Gharama ilipopigiwa hesabu ilitisha, kazi ikaachwa. Ndipo Tomlinson akashikilia kwamba kompyuta ingeweza kuifanya, na serikali ya Kanada ikampa nafasi ya kuthibitisha. Mfumo wake haukuhifadhi picha ya ramani. Ulihifadhi mistari ya mipaka, na kila mstari ulijua kilicho kushoto kwake na kilicho kulia. Yaliyofuata yanajulikana: kampuni ya programu za ramani, Esri, ilianzishwa mwaka 1969, na mwaka 1998 ikachapisha maelezo ya muundo wa faili za ramani uitwao shapefile, ambao hadi leo hauruhusu jina la safu kuzidi herufi kumi na husafiri kama faili tatu au zaidi. Ukisahau moja ya zile tatu, mzigo wote unaweza usifunguke.

Lakini anayesoma hati mbili za WMS, ile ya toleo la 1.1.1 la mwaka 2002 na ile ya 1.3.0 ya mwaka 2004, atakuta mahali moto ulipowaka. Hati ya kwanza inaagiza longitudo iandikwe kwanza, latitudo ifuate. Ya pili inageuza: kwa mfumo unaotumika kuliko yote, ule wenye namba EPSG:4326, latitudo iwe mbele. Herufi hizo EPSG ni za kikundi cha wapimaji wa kampuni za mafuta za Ulaya kilichoanzishwa mwaka 1986, ambacho daftari lake la mifumo ya vipimo lilikuja kutumiwa na dunia nzima. Daftari hilo linasema latitudo kwanza, kama mabaharia na wapima ardhi walivyozoea. Waandishi wa programu walikuwa wameazima namba ya daftari huku wakiacha agizo lake, kwa sababu kioo cha kompyuta huhesabiwa kwa upana kwanza, kisha urefu. Wapimaji wakasema, ukitumia namba yetu, fuata na mpangilio wetu. Waandishi wa programu wakajibu kwamba data imeshaenea na mazoea yamekomaa. Kila upande una haki yake, na mwanafunzi wa kwetu anaweza kuushuhudia ugomvi huu kwa siku moja: kipindi cha hisabati anafundishwa majira ya nukta, x kwanza, kipindi cha jiografia anaambiwa ataje latitudo kwanza.

Hukumu yangu iko upande wa wapimaji kwa kanuni, na dhidi ya kamati iliyoandika WMS 1.3.0 kwa utekelezaji. Kubadili maana ya namba ileile katikati ya safari ni sawa na kubadilisha urefu wa futi kamba huku ukiacha tarakimu zake. Kamati yenyewe iliona hatari, ndiyo maana ikaweka ndani ya toleo hilohilo namba nyingine, CRS:84, kwa wanaotaka longitudo mbele. Suluhu hiyo iliongeza chaguo bila kuondoa utata. Seva zikalazimika kujua lugha zote mbili, na programu nyingi zikawekewa kitufe cha kugeuza mhimili, ushahidi tosha kwamba kiwango hakikutosha. Tuipime kwa mfano. Mombasa iko longitudo 39.67 Mashariki na latitudo 4.05 Kusini. Zigeuze namba hizo, na mji unahamia Hispania, kusini kidogo ya Toledo. Dar es Salaam inaangukia kati ya Badajoz na Cáceres. Nairobi inazama katika Bahari ya Mediterania. Paris nayo inatujia huku, ikielea Bahari ya Hindi mashariki ya Mogadishu.

Atatokea wa kusema kwamba kosa la kuhamisha mji hadi bara jingine halina madhara, kwa kuwa kila mtu analiona. Ni kweli pale jicho la mtu linapoangalia. Data nyingi, hata hivyo, huenda kutoka kompyuta hadi kompyuta pasipo mtu kuitazama, na hapo Afrika Mashariki ina bahati mbaya. Latitudo haivuki 90. Tokyo, yenye longitudo karibu 140, ikigeuzwa programu inaweza kukataa palepale. Longitudo za Tanzania na Kenya ziko takriban kati ya 29 na 42, kwa hiyo kila mahali petu pakigeuzwa hutoa anwani halali kabisa. Kengele hailii. Kisima kinahesabiwa kipo, ila kipo Extremadura, Hispania.

Isitoshe, sisi tuna fundo letu la zamani. Ramani za 1:50,000 zilizorithiwa kutoka enzi ya ukoloni na miaka iliyofuata zimejengwa juu ya mfumo wa Arc 1960, uliotokana na safu ya vipimo iliyopita kando ya meridiani ya 30 kutoka Afrika Kusini kuelekea Cairo, wazo la mwanaastronomia David Gill wa karne ya 19. GPS za simu zinatumia mfumo mwingine, WGS 84. Namba zilezile zikisomwa kwa mifumo hii miwili hutofautiana kwa takriban mita 300 ardhini. Kosa la Toledo linachekesha. Hili la mita 300 linamhamishia mtu kiwanja mtaa wa pili, ndani ya mji uleule, na ramani bado inapendeza. Inasikitisha kwamba faili za ramani bado hupitishwa mkono kwa mkono bila mstari hata mmoja unaotaja mfumo wa vipimo.

Wengine watauliza: ya nini haya yote wakati Google iko mfukoni? Google Maps, iliyoanza mwaka 2005, inakupa picha na njia. Haikupi mifereji uipandanishe na ramani yako ya mafuriko. Vijana wa mradi wa Ramani Huria walioanza kuchora kata za Dar es Salaam mwaka 2015 waliweka kazi yao kwenye ramani ya wazi ya OpenStreetMap, ambako mfereji ni mfululizo wa nukta wenye lebo waterway=drain, na mtu yeyote anaweza kuupakua. Katika faili asilia za OpenStreetMap, kila nukta huandikwa lat kwa jina na lon kwa jina, hivyo hakuna anayeuliza ipi inatangulia. GeoJSON, muundo mwingine wa data za ramani uliowekewa kanuni rasmi mwaka 2016, umechagua longitudo mbele, huku WMS 1.3.0 bado inataka latitudo mbele kwa EPSG:4326. Na zote mbili zinatumika hadi leo. Basi ofisi yoyote ya ramani itakayoamua kuweka data yake wazi iandike juu kabisa ya ukurasa mambo mawili: namba ya kwanza ni ya nini, na imepimwa kwa Arc 1960 au kwa WGS 84.