Jalada na Kundi la WhatsApp

Mambo mengi yaliyoingia katika ofisi na vyuo vyetu yana tarehe na amri zake. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikaanza kufundisha mwaka 1994. Mamlaka ya Serikali Mtandao nayo iliwekwa kwa sheria ya mwaka 2019. Lakini kundi la WhatsApp, ambalo leo huita watu mikutanoni na kuwagawia kazi, halikuletwa na waziri wala bunge. Liliingia ndani ya mfuko wa mfanyakazi mwenyewe.

Njia ilitengenezwa na waya. Julai 2009 waya wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kwa njia ya bahari. Kabla yake intaneti ilipitia zaidi setilaiti, tena kwa gharama kubwa. Mwaka huo huo WhatsApp ilizaliwa Marekani. Vyuo vilikuwa na chombo rasmi, Moodle, kilichotolewa Australia mwaka 2002, nacho chafaa sana kwa kuweka masomo. Hata hivyo mwanafunzi hukiendea kwa haja, ilhali kundi hushinda nalo mchana kutwa. Vyuo vilipofungwa kwa korona, tangu Machi hadi tarehe 1 Juni 2020, mafundisho katika vyuo vingi yalisimama, habari hazikusimama.

Sasa tumtazame mwalimu wa Endagikot, katika nyanda za juu za Mbulu. Zamani agizo lilimfikia kwa barua yenye muhuri, saa za kazi, na nakala ikabaki jaladani. Siku hizi laweza kumfikia usiku, katika simu aliyoinunua kwa fedha zake na kwa kifurushi alichokilipia mwenyewe. Naye akikosa kifurushi, yamkini ataitwa mkaidi. Barua ilikuwa nzito wa mwendo, lakini ilikuwa shahidi: mtumishi aliyeonewa aliweza kuomba jalada lisomwe. Ujumbe wa kundini, tangu mwaka 2017, aliyeuandika aweza kuufuta machoni pa wote. (Majalada pia yalipotea, ni kweli, ila palikuwapo karani wa kuulizwa.)

Jambo hili lamhusu mwanahistoria pia. Maandishi ya watawala wa Kiingereza juu ya wilaya ya Mbulu bado yasomwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Maamuzi ya kundini hukaa katika simu za watu, na simu hupotea, huibwa, huuzwa.