SOMO LA TISA: BINTI MONONOKE NA SAUTI ZA KUAZIMA

Ninyi mlio katika vikundi vya kusikiliza, namwomba katibu wa kila kikundi awe na daftari na kalamu karibu, maana mwishoni nitatoa maswali manne ya kuzungumzia.

Juma lililopita tulisoma habari za vitabu vilivyofasiriwa. Leo twaendelea na jambo lililo ndugu wa hilo, yaani sinema iliyofasiriwa. Nimechagua mfano mmoja tu, filamu ya kuchorwa kutoka Japani. Huenda msikilizaji mmoja akauliza, "Mwalimu, katuni ni mchezo wa watoto, yaingiaje katika historia?" Namwomba anivumilie kidogo. Katuni hii ilizusha ugomvi kati ya wenye mali na wenye kazi, na kati ya watazamaji wenyewe, na ugomvi huo watuhusu sana sisi tunaojifunza kusoma ukubwani.

Kwanza tueleze maneno. Filamu ikitoka katika lugha ngeni, ziko njia mbili za kuifikisha kwa watu. Njia ya kwanza ni kuacha sauti za asili na kuandika tafsiri chini ya picha. Njia ya pili ni kuzitoa sauti za asili na kuweka watu wengine waseme maneno yale yale kwa lugha ya watazamaji. Hii ya pili tutaiita kutia sauti.

Iko na njia ya tatu, ambayo ni ya zamani kuliko hizo mbili. Wajapani walipoanza kuonyesha sinema, mwishoni mwa karne ya 19, picha zilikuwa bubu. Basi kando ya kitambaa alisimama mtu aliyeitwa benshi. Yeye alieleza kisa, akasema maneno ya wahusika wote, akacheka na kulia kwa niaba yao. Mabenshi wengine walipata sifa kubwa, hata watu wakaenda sinema kumsikiliza benshi zaidi ya kutazama picha. Sinema zenye sauti zilipoenea, miaka ya 1930, kazi yao ikafa. Lakini sisi wa Afrika Mashariki hatuwezi kushangaa tukisikia habari zao, maana katika vibanda vya video vya Kampala na Dar es Salaam tumewasikia watu wafanyao kazi iyo hiyo, wakisimulia kwa Kiganda au kwa Kiswahili juu ya filamu za Wachina, Wahindi na Wamarekani.

Sasa tuingie katika kisa chenyewe. Mwaka 1984 bwana mmoja mchoraji, Miyazaki Hayao, aliyezaliwa Tokyo mwaka 1941, alitoa filamu iitwayo Nausicaä wa Bonde la Upepo. Yahusu binti wa mtawala mdogo, katika dunia iliyoharibiwa na vita, anayejaribu kuwapatanisha watu na msitu wenye sumu na wadudu wakubwa kama nyumba. Mwaka wa pili yake kampuni moja ya Marekani, New World Pictures, iliinunua. Waliitia sauti za Kiingereza, wakaikata dakika 22 hivi, wakaibadili jina iwe Wapiganaji wa Upepo, na binti Nausicaä wakamwita Zandra. Katika zile dakika walizokata ndimo ulimokuwa moyo wa hadithi, yaani sababu ya msitu kuwa na sumu. Mtazamaji wa Marekani akabaki na vita na ndege, asijue vita ni ya nini.

Miyazaki na wenzake, ambao mwaka 1985 waliunda studio yao iitwayo Ghibli, walijifunza somo chungu. Tangu hapo walishika neno moja: mwenye kutaka filamu yetu na aichukue nzima, au aiache.

Neno hilo lilipata mtihani wake miaka kumi na zaidi baadaye. Tarehe 12 Julai 1997 Ghibli walitoa Japani filamu iitwayo Mononoke Hime, yaani Binti Mononoke. Kwa Kijapani mononoke si jina la mtu. Ni neno la pepo au mzuka wenye kisirani. Wafasiri wa Kiingereza waliliacha kama lilivyo, na watazamaji wengi wakadhani binti ndiye aitwaye Mononoke, kumbe jina lake ni San.

Kisa chatokea Japani ya kale, katika zama za Muromachi, kati ya mwaka 1336 na 1573. Kijana Ashitaka amemwua nguruwe mwitu mkubwa aliyepagawa, na mkono wake wa kulia umepata laana. Ndani ya mwili wa nguruwe imeonekana risasi ya chuma. Kijana afuata asili ya chuma hicho mpaka mji wa wafua chuma. Hapo mkuu wao, Bibi Eboshi, amewakusanya wanawake aliowatoa madanguroni na watu wenye ukoma, akawapa kazi na heshima. Lakini chuma hakiyeyuki bila makaa, na makaa hayapatikani bila kukata miti. Wazee wa Ufipa, ambako babu zetu walijenga matanuri marefu ya kuyeyushia chuma, wanalijua jambo hilo bila kuambiwa na Mjapani. Basi wanyama wa msituni waamka kupigana, na pamoja nao San, binti wa watu aliyelelewa na mbwa mwitu. Katika filamu hii huwezi kumnyoshea kidole mtu mmoja ukasema, huyu ndiye mbaya.

Japani filamu ilipokewa kwa kishindo. Ilivunja rekodi ya mapato iliyokuwa imeshikwa na filamu ya Marekani, E.T., mpaka ilipokuja Titanic. Mwaka 1996 Ghibli walikuwa wamekwisha kupatana na kampuni ya Disney kuzitawanya filamu zao ng'ambo, na kazi ya Mononoke ikapewa Miramax, iliyokuwa mali ya Disney wakati huo. Filamu ina dakika zaidi ya 130. Mkuu wa Miramax alitaka ipunguzwe. Hapo msimamizi wa Ghibli, Suzuki Toshio, akampelekea upanga wa Kijapani pamoja na maneno mawili tu: bila kukata. Filamu haikukatwa.

Lakini ndugu wasikilizaji, kutokukatwa picha ni jambo moja, na maneno ni jambo lingine. Kazi ya maneno ya Kiingereza alipewa mwandishi wa hadithi, Neil Gaiman, Mwingereza. Tazameni ugumu wake. Katika filamu hizi picha huchorwa kwanza, sauti hutiwa baadaye. Mdomo umekwisha kufunguka na kufumba kwa kipimo cha Kijapani. Mfasiri ni kama fundi cherehani aliyeletewa kanzu iliyokwisha kushonwa, akaambiwa, mtafute mtu itakayemkaa. Neno likizidi, mdomo umefumba na sauti bado yasema. Neno likipungua, mdomo wacheza bure.

Nitatoa mfano. Mtawa mmoja, Jigo, anaonja uji mahali fulani, akalalamika kwamba ni kama maji ya moto tu. Kwa Mjapani hayo ni matusi ya kutosha kwa mpishi. Kwa Kiingereza maneno hayo ni baridi, hayamchomi mtu. Basi Gaiman akamfanya Jigo aseme kuwa uji una ladha ya mkojo wa punda. Mniwie radhi, ndivyo ilivyo. Neno limebadilika kabisa, na hasira imefika salama. Je, huyu amefasiri vizuri au vibaya? Wekeni swali hilo akiba.

Filamu ilitoka Marekani tarehe 29 Oktoba 1999, na mapato yake kule hayakupita sana dola milioni 2. Lakini wale wachache walioiona walibishana kama mashabiki wa mpira. Wengine walilaumu sauti ya San, iliyotiwa na Claire Danes, wakasema ni ya msichana wa mjini, si ya mtoto wa porini. Wengine waliisifu sauti nzito ya Keith David, aliyesema maneno ya nguruwe mzee kipofu, Okkoto. Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya mbwa mwitu Moro, mama mlezi wa San. Kwa Kijapani sauti yake ni ya mwanamume, Miwa Akihiro, nayo yatoka kama radi iliyo mbali. Kwa Kiingereza alipewa mwanamke, Gillian Anderson. Kuna waliosema mama ni mama, na asikiwe ni mwanamke. Kuna waliosema Moro ni mungu wa msitu kabla ya kuwa mama wa mtu, na ule mshtuko wa kusikia sauti ya kiume katika kinywa cha mama ulikuwa sehemu ya hadithi.

Basi likaja jambo ambalo ndilo hasa nililotaka mlikumbuke. Mwaka 2000 Miramax walitayarisha kuiuza filamu katika santuri za DVD, na habari zikaenea kwamba itakuwa na sauti za Kiingereza peke yake. Watazamaji wakapinga. Hawakuwa wakubwa wala matajiri. Walikuwa watu wa kawaida, wakaandika barua na kukusanya majina. Kampuni ikaahirisha mauzo, na mwezi wa Desemba mwaka ule santuri ikatoka ikiwa na sauti zote mbili, Kijapani na Kiingereza, pamoja na maandishi. Hapo mtazamaji akaachiwa achague mwenyewe.

Sasa nitaeleza jambo lililonipata mimi. Katika darasa moja la kisomo nililokuwa nikilisimamia, niliwaonyesha wanafunzi wangu filamu hii ukutani, kwa sauti za Kijapani na maandishi ya Kiingereza. Nilijiona mjuzi, maana nilikuwa nimesoma kwamba wapenzi wa kweli wa sinema hutazama hivyo. Baada ya dakika kumi bibi mmoja muuza vitumbua, ambaye alikuwa amemaliza kitabu cha kwanza na kujivunia, aliinua mkono. Akasema, "Mwalimu, herufi nazijua, lakini hizi hazingoji. Nikimaliza kusoma mtu amekwisha kufa. Tena hiki si Kiswahili."

Niliona haya. Nikabadili nikaweka sauti za Kiingereza, na mimi nikawa nafasiri kwa Kiswahili mbele ya darasa. Nikawa benshi bila kutaka. Tukarudi pale mwanzo, Ashitaka anapofukuzwa na laana yake. Desheni ya kijiji yamkataza kila mtu kumwangalia akiondoka, lakini msichana aitwaye Kaya avunja katazo na kumpa kisu chake kidogo cha jiwe linalong'aa. Mimi nikasema kwa sauti, "Huyu ni dada yake, anamwaga."

Bibi yule akacheka. "Mwalimu, mwanangu, huyo si dada wa tumbo moja. Dada hampi kaka yake kisu kwa macho yale."

Naye alikuwa na haki. Nilipokwenda kuchungua nilikuta kwamba kwa Kijapani Kaya humwita Ashitaka "anisama", yaani kaka mkubwa, kwa heshima, kama msichana wa kwetu amwitavyo kaka kijana yeyote wa mtaa aliyemzidi umri. Miyazaki mwenyewe alieleza kwamba Kaya ni msichana aliyekusudia kuolewa na Ashitaka. Watazamaji wengi wa Kiingereza wamekosea hapo, kwa sababu kwao kaka ni mtoto wa mama yako. Mimi nina lugha ambayo ingenifumbua macho mara moja, nikakosea kwa kuwa nilipitia kwa Waingereza. Bibi asiyejua Kijapani wala Kiingereza alisoma picha, akapata.

Je, tuhukumu vipi? Wasemao kwamba sauti za asili ni bora wana hoja, maana sauti ni nusu ya mchezaji. Lakini maandishi yana mlango, na ufunguo wake ni kusoma upesi. Mtoto hana ufunguo huo, wala mzee aliyeanza kisomo juzi, wala asiyeona. Kuwadharau watu hao kwa kuwa wanataka sauti waijuayo ni kiburi. Nilikuwa nacho, nikakiacha siku ile. Tena wasemao kwamba kutia sauti kwatosha nao wakumbuke habari ya Zandra. Asiyekuwa na ya asili mkononi hawezi kujua alichonyang'anywa. Watu wa Marekani waliotazama Wapiganaji wa Upepo hawakulalamika, kwa kuwa hawakujua kwamba zipo dakika 22 ambazo hawakuziona.

Kwa hiyo mimi naona haki ni hii: kazi isikatwe, mfasiri awe hodari na mwaminifu, na ya asili iwekwe kando ya tafsiri ili mwenye shaka aende akatazame. Hilo ndilo walilodai wale watazamaji wa mwaka 2000. Na sisi yatupasa kudai kwamba filamu njema ziletwe kwetu kwa Kiswahili chetu wenyewe, kilichofasiriwa kutoka katika lugha ya asili, bila kuzunguka kwa jirani.

Haya, maswali ya vikundi ni haya:

1. Taja njia tatu za kufikisha sinema ya kigeni kwa watu. Katika kijiji chenu ipi yafaa zaidi, na kwa nani?

2. Gaiman alibadili maji ya moto kuwa mkojo wa punda. Je, alifanya haki? Toeni mfano wa neno la Kiswahili lisilofasirika bila kubadilishwa.

3. Kwa nini watazamaji wa Wapiganaji wa Upepo hawakulalamika, na wale wa Binti Mononoke wakalalamika?

4. Ni nani katika kikundi chenu aliyewahi kukosea kwa ajili ya neno kaka, dada, mama au baba likitumiwa kwa heshima? Na aeleze.

Katibu aandike majibu na kuyaleta kwa mwalimu wenu wa kisomo. Juma lijalo tutasoma habari za magazeti ya kwanza ya Kiswahili. Kwaherini, na tuonane kwa heri.