DENI LA ZAMBIA NA UHURU WA TAIFA

Wahenga walinena kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Usemi huo haumhusu mtu binafsi peke yake, bali hata taifa. Na majirani zetu wa Zambia wameuonja ukweli wake mara mbili.

Zambia ilijipatia uhuru tarehe 24 Oktoba, 1964. Shaba iliiletea zaidi ya asilimia 90 ya fedha zake za kigeni, na kwa fedha hizo zilijengwa shule, hospitali na barabara. Lakini mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda ghafla, na kufikia mwaka 1975 bei ya shaba ilikwisha kuporomoka. Mapato yalipungua, matumizi hayakupungua. Serikali ikakopa ili kuziba pengo, ikitumaini kwamba shaba ingepanda tena upesi. Tumaini hilo halikutimia. Riba ikalundikana, na mkopo mpya ukatafutwa kuulipia mkopo wa zamani.

Hapo ndipo mkopeshaji alipopata kauli katika nyumba ya mkopaji. Shirika la Fedha la Kimataifa lilitaka ruzuku ipunguzwe. Desemba 1986 bei ya unga bora wa mahindi ilipanda zaidi ya maradufu, ghasia zikazuka katika miji ya Shaba, na watu wapatao 15 wakafa. Rais Kaunda aliirejesha ruzuku, na Mei 1987 akayakataa masharti ya Shirika hilo. Lakini deni lilibaki pale pale. Juni 1990 unga ulipanda tena, Lusaka ikachafuka, na tarehe 30 ofisa mmoja wa jeshi akateka kituo cha redio na kutangaza mapinduzi. Jaribio hilo lilizimwa kwa muda wa saa chache.

Tulitafakari jambo hili. Hakuna adui aliyevuka mpaka. Hata hivyo, askari walitumwa kuwakabili wananchi wenzao wenye njaa, ilhali watoto wa askari hao walikula unga ule ule.

Mwaka 2005 wakopeshaji walikubali kuisamehe Zambia sehemu kubwa ya deni. Lakini kati ya 2012 na 2015 nchi hiyo ilikopa tena dola milioni 3,000 katika masoko ya nje, na Novemba 2020 ikashindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5.

Kukopa si kosa. Reli ya TAZARA yenyewe ilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba. Kosa ni kukopa bila kuuliza mkopo utazalisha nini, utalipwa kwa mapato gani, na mapato hayo yakianguka itakuwaje. Kwa hiyo, askari anayetunza gari na mafuta ya umma hapunguzi gharama tu. Naye pia anaulinda uhuru wa nchi yake.