Ufuatiliaji wa usugu wa vimelea vya malaria
Ni uchunguzi wa mabadiliko ya jeni yanayomwezesha kimelea *Plasmodium falciparum* kustahimili dawa. Damu ya kidoleni hukaushwa kwenye karatasi ya kuchujia, kisha DNA ya kimelea husomwa maabarani. Tanzania iliacha klorokwini mwaka 2001 na kutumia SP (sulfadoksini-pirimethamini), kisha mwaka 2006 ikaiondoa SP katika tiba (wajawazito bado huimeza kama kinga) na kushika dawa mseto, ALu (artemetheri-lumefantrini), tegemeo la wagonjwa hata Kiranjeranje, wilayani Kilwa, mkoani Lindi. Tishio sasa kwa ALu ni badiliko la R561H katika jeni ya K13, lililoripotiwa Rwanda mwaka 2020 na baadaye kuthibitishwa mkoani Kagera na watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Lindi iko mbali na Kagera, lakini vimelea husafiri na watu. Kusubiri dawa ishindwe ndipo damu ipimwe ni kuchelewa.